Nilikuwa nabonyeza kupandisha kamisheni ya mawakala wangu wa online, mgao wa mawe Nyakunguru ukaniokoa

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Hii sijahadithiwa na mtu. Naandika nikiwa kitandani gesti, viatu viko mlangoni na vumbi lake, na moyo umetulia kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Asubuhi nimetoka Tarime bila mpango. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha mapema, kukaa sehemu moja siwezi, na jambo likinisumbua naona bora nitembee.

Jambo lenyewe ni hili. Nina duka la online. Nauza taa za kichwani, gambuti na makoti ya mvua, na wateja wangu wengi ni wachimbaji. Sina fremu, nina mawakala, wale wanaoitwa affiliate. Kila mmoja ana link yake, anaiweka status, mteja akinunua kupitia hapo wakala anapata asilimia nane.

Hivi karibuni mauzo ya machimboni Nyakunguru yakafa ghafla. Kuulizia, kumbe kuna muuzaji wa upande wa Sirari kaingia na asilimia kumi na tano, na mawakala wangu wamehamia kwake.

Nikimfuata kwenye kumi na tano, kila taa inayouzwa natoa hela mfukoni kwangu. Nisipomfuata sina wakala, na bila wakala sina duka.

Nilishafungua ukurasa wa kubadilisha kamisheni, kidole kiko juu ya kitufe. Nikazima simu, nikapanda boda.

Nikajikuta Nyakunguru kwa Mama Gati. Anauza chai na chapati jirani na maduara, yaani mashimo ya dhahabu, na ndiye aliyekuwa wakala wangu bora kabisa. Nikampa shikamoo yake.

"Marahaba. Mura, kijana wangu, umefuata link yako?"

"Nimefuata chai, mama."

"Hakuna mtu anatoka Tarime kufuata chai."

Basi nikamuuliza wazi, ameniacha kwa ajili ya ile kumi na tano?

"Kwanza nijibu. Nane yako ilikuwa nane ya nini?"

Nikaanza kueleza. Bei, toa usafiri, toa punguzo la mteja, inayobaki ndiyo tunapiga asilimia. Nikiwa naongea nikajisikia mwenyewe ninavyofanana na mganga wa kienyeji.

"Unaona?" akasema. "Huyo wa Sirari naye sijui kumi na tano yake ni ya nini. Ila kama wote mnanificha, bora nifichwe kwenye kubwa."

Waliokuwa wanakunywa chai walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Mama Gati akanionyesha kwa mwiko wake, ng'ambo tu ya banda. Wachimbaji walikuwa wanagawana mifuko ya mawe iliyotoka shimoni. Huu wa mwenye duara, huu wetu, huu wa mwenye duara. Peupe, watu wote wamesimama.

Mimi maswali hayaniishi, nikamfuata mmoja, jamaa wa Singida. Kwa nini msigawie ndani, kuna kivuli?

"Gawia ndani uone kama kesho duara lina mtu," akanijibu.

Nikarudi kwenye benchi, nikawasha simu. Asilimia nikafuta zote. Kila bidhaa nikaiwekea kiasi kamili kulingana na faida yake, kimeandikwa chini ya picha ambayo wakala anaiona. Taa elfu mbili. Gambuti elfu tatu, maana lina faida nzuri. Koti buku tu, halina kitu lile. Mteja akilipa, wakala anapata yake hapo hapo, mambo ya mwisho wa mwezi basi.

Nikampa Mama Gati simu aangalie.

"Koti umebana."

"Koti halina faida, mama."

"Sawa, nimeona. Lete link."

Akaiweka status huku chapati inaungua. Yule jamaa wa Singida akanunua gambuti kupitia link hiyo, na simu ya mama ikalia kabla chai yangu haijapoa. Wakuu, nilipumua kama mtu aliyetolewa shimoni.

Sikutaka kurudi Tarime. Nikamwambia dereva wa boda anipeleke popote ambako sijawahi kufika, akanileta Nyansurura. Gesti ina vyumba vichache, na ng'ombe wanapita mbele ya mlango.

Mwenye gesti alipopokea hela ya chumba, mbele yangu akachomoa noti na kumpa boda. "Hii ya kuniletea mgeni. Na wewe mgeni, inatoka kwangu, bei yako ni ile ile."

Boda akaiweka mfukoni bila hata kuiangalia.

Kabla sijaingia chumbani nikamuuliza boda kama ana WhatsApp ya kuwekea link.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nashindana kwenye ukubwa wa asilimia, wakati wakala wangu alikuwa ananipima kwa kuona au kutoona mgao wake. Ningebonyeza asubuhi, sasa hivi ningekuwa nafunga duka.

Wenye maduka ya online humu, nyie mgao mnaugawia wapi, ndani au nje? Tupeni uzoefu, boda wangu naye anasoma hapa.