Kitenge cha Kufunika Televisheni

Jumamosi mchana niliingia chumba cha video mtaani kwetu, Buyenzi. Filamu ilikuwa ya bei rahisi, ya kuchekesha: binti mfalme amelala miaka mia, na mwana wa mfalme anamwamsha kwa namna ambayo mama zetu hawakutusimulia. Mwenye video ana desturi yake. Nguo zikianza kuvuliwa, anafunika televisheni kwa kitenge, tunabaki na sauti na vicheko.

Mwana wa mfalme alikuwa anafungua mkanda, na kitenge kimeshainuliwa, risasi zikalia upande wa milimani. Zikalia tena, karibu zaidi. Mwenye video akaganda na kitenge mikononi. Filamu ilikuwa wazi kabisa, na hakuna aliyeitazama.

Mama mmoja kati yetu, aliyekimbia vita kwake na mtoto mgongoni, akaonyesha mlima kwa mdomo.

“Acha iyo, baba. Bale banapendana tu. Funika ile ya kule.”

Mwenye video akakunja kitenge polepole, akakiweka magotini.

Wakubwa wetu wa serikali hulalamika kwamba filamu chafu zinatuharibia watoto. Siku wakija Buyenzi, nitawaombea kitenge kile, wachague wenyewe cha kufunika.