Mbeba Mtungi Aliyeingia Mwezini

Mwaka ule Wajerumani walipokuwa wakitukusanya kwenda kuchimba barabara, mwili wangu nao ulianza vita vyake. Siku zangu zilipotea miezi mitatu, zikarudi kwa hasira kama mgeni aliyekosewa adabu, kisha zikapotea tena. Nilikuwa na wajukuu wawili na meno yangu yote. Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni. Kwenye upepo wa Newala, wenzangu wamejifunika nguo mbili, mimi natiririka jasho mpaka kwenye nyusi.

Siku moja askari alikuja kutaka kuku. Nilikuwa natwanga mtama. Joto lilipanda pale pale alipofungua mdomo, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshamfukuza kwa mchi hadi kwenye mihogo ya jirani. Kijiji kizima kilinisifu kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri, angekuwa mkwe wangu ningemfukuza vilevile. Kesho yake alirudi na wenzake wawili, wakachukua kuku wa kijiji kizima, na sifa zangu zikapungua.

Nikaenda Mkunya kwa kungwi aliyenicheza unyago. Alikuwa ajuza sasa, macho yamefunga ukungu. Nilimpa shikamoo, halafu nikamwaga lawama zangu. Unyagoni mlitufundisha damu inavyoanza, mume anavyotunzwa, mtoto anavyozaliwa. Mbona hamkusema damu inavyokoma? Alinijibu kwamba wao pia hawakuambiwa, maana waliowafundisha wengi walikufa kabla ya kufika huko. Joto lake yeye, alisema, lilidumu tangu mjukuu wa kwanza hadi wa sita, kisha likaondoka bila kuaga. Nilipoomba dawa alinipapasa mkono.

"Ukishika mchi," akasema, "usimkaribie mtu unayempenda."

Nyumbani nilikuwa na mzee mwingine anayebadilika. Mume wangu alinizidi miaka kumi. Kifua chake kilikuwa kimelegea, alilia kwenye harusi za watu asiowajua, na kitandani alikuwa amebaki mtu wa ahadi. Hatukulizungumza jambo hilo. Yeye alisingizia mgongo, mimi nikasingizia joto.

Ndipo akaja mganga kutoka bondeni, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajiuliza kama zitoke. Alisema anayo maji ya kugeuza risasi kuwa maji, na kwamba Wajerumani wataondoka. Maji yale yalikuwa na miko. Mwanaume aliyeyapokea asilale na mkewe mpaka vita viishe. Mume wangu aliushika mwiko huo kwa uchamungu ambao sikuwahi kumwona nao hata siku ya Ijumaa. Mwiko wa pili ulinihusu mimi: mwanamke anayeingia mwezini asiuguse mtungi wa dawa, kwa hiyo alitakiwa mbebaji aliyekwisha kukoma. Wanawake wote wakanigeukia. Nilikuwa nimemaliza miezi minane bila kuona kitu.

Nilikubali, na sitadanganya, niliona fahari. Tangu joto lianze nilikuwa kichekesho cha kisimani; sasa mwili wangu mkavu umepewa kazi ya vita. Tena nilitamani kweli Wajerumani waondoke.

Tuliteremka genge la mlima wetu kuelekea Masasi vitani, wanaume kumi na watatu, mume wangu akiwemo, mganga, na mimi na mtungi kichwani. Siku ya pili, tukiwa tumeshafika bondeni, tumbo likanikata. Niliutua mtungi nikaingia kichakani. Damu ilikuwa pale, nyekundu na changa, kana kwamba haikuwahi kwenda popote.

Nilikaa kichakani muda mrefu kuliko haja inavyohitaji. Ningeweza kunyamaza, nguo yangu ilikuwa nyeusi. Lakini nilifikiri hivi: kama maji yale ni ya kweli, nitakuwa nimewaua watu wa kijiji changu, na mmoja wao ni mume wangu. Kama si ya kweli, basi hakuna ubaya wa kuwachelewesha. Nikatoka, nikamwita mganga pembeni.

"Mwanangu, nimeingia mwezini."

"Ulisema umekoma."

"Nilidhani hivyo. Damu yenyewe hatukuiuliza."

Alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Kisha akaumwaga mtungi wote mchangani, akatangaza kwamba tutangoja siku saba mpaka apate maji mengine. Wanaume walinung'unika na kunitazama vibaya. Mume wangu, ambaye goti lake lilikuwa limevimba tangu gengeni, alikuwa wa kwanza kutandika mkeka.

Siku ya tano tuliwaona wenzetu wa kijiji cha jirani wakirudi. Walikuwa wametangulia na mtungi wao. Waliondoka wengi, waliorudi niliweza kuwahesabu kwa vidole. Mmoja alikuwa amembeba kaka yake mgongoni, na tulipomsaidia kumshusha tukaona kwamba amebeba maiti. Mganga alisema anakwenda kutafuta dawa yenye nguvu zaidi, na hatukumwona tena. Tukapanda genge kurudi kwetu, wote kumi na watano kasoro yeye.

Lakini habari ya damu yangu ilifika kabla yetu. Asubuhi moja mjane wa kile kijiji cha jirani alikuja uani kwangu, akasimama, akasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyeyaharibu maji yaliyomuua mumewe. Jibu nilikuwa nalo, lakini aliyesimama mbele yangu alikuwa amefiwa. Nikamletea kigoda. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hakuingilia mambo ya wanawake, ndiye aliyesema.

"Mtungi wenu mke wangu hakuugusa, dada. Ule alioubeba yeye ulimwagwa, na mimi niko hai."

Yule mjane alikaa, akalia mpaka mchana, akala kwetu.

Baadaye askari walichoma maghala na mashamba, na njaa ikaingia. Tulichimba mizizi ya porini. Msimu ule wasichana na wake wadogo walikuja kwangu mmoja mmoja, wameshika matumbo, kuniuliza kama na wao wamezeeka. Damu zao zilikuwa zimekatika. Nikajikuta kungwi wa jambo nisilofundishwa. Niliwaambia kwamba mwili usio na chakula haufungui mlango, wangoje mavuno. Sikuwa na uhakika hata kidogo, ila niliisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Kunde za kwanza zilipoiva, mmoja akaja mbio kuninong'oneza kwamba zake zimerudi, na baada yake wengine. Zangu hazikurudi, na joto nalo likapoa. Ramadhani iliyofuata nilifunga siku zote thelathini mfululizo, mara ya kwanza tangu nivunje ungo, nikajisifu kwa jambo hilo mpaka mume wangu akaniomba angalau nimwachie ale daku kwa amani.