Wimbo wa Mama Wakati wa Palizi

Juzi niliingia duka la dawa pale Majengo, mteja aliyenitangulia akafungua kichupa cha dawa ya kuchua ili ainuse. Harufu ile kali ikanipanda hadi machoni, na hapohapo nikakasirika. Muuzaji akadhani nimechoshwa na foleni. Ningemweleza vipi kwamba nyumba yetu ya Ruhuwiko ilinuka hivyo miaka yangu yote ya shule ya msingi, kuanzia mapazia hadi sare zangu?

Mama aliumwa mgongo. Simaanishi kwamba aliumwa wiki mbili akapona. Aliumwa alipoamka, alipoinama kuchochea moto, alipokaa kanisani. Daktari mmoja aliinua picha ya eksirei dirishani, akasema haoni kitu, mama apunguze mawazo. Apunguze mawazo, kama vile mawazo ni chumvi kwenye mchuzi. Hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Dawa ya mama mwenyewe ilikuwa wimbo wa kulimia wa Kingoni aliofundishwa na bibi, wenye beti nyingi na kiitikio. Aliuimba akiwa amelala kwenye mkeka, mlango umefungwa. Nilikuwa na miaka minane, na kwangu mimi mtu anayeimba ni mtu mwenye raha.

Mwaka huo baba alikuwa Mbinga kwenye kahawa, na mahindi yetu, chakula chetu cha mwaka mzima, yalikuwa yamezidiwa na magugu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa walikuwa na utaratibu wao: mwenzao akiugua, wanampalilia kila Jumamosi mpaka shamba liishe, naye anawaandalia togwa. Jumamosi ya kwanza walimaliza nusu. Ya pili nikatumwa kuwapelekea togwa, ndoo kichwani, najiona mtu mzima.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mwenyekiti wao.

"Marahaba, Stela. Mama yako anaendeleaje?"

"Hajambo. Akiwa peke yake ndani anaimba mpaka jioni."

Nilitaka wafurahi. Badala yake majembe yalisimama, wakatazamana.

"Kumbe anaimba," mwenyekiti alisema. "Na sisi tuko hapa tunavunjika migongo. Haya jamani, mwenye shamba ni mzima, twendeni zetu."

Togwa walikunywa kwanza, hilo sitalisahau. Walikunywa hadi machicha, wakasuuza vikombe, wakabeba majembe yao wakaenda. Nusu ya shamba ilibaki vilevile.

Nilimsimulia mama kila kitu, neno kwa neno, huku nikiwa bado sijui nimefanya nini. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ndoo nimeirudisha. Afadhali angenichapa.

Jumatatu sikwenda shule. Mama alichukua jembe, mimi nikachukua kijembe changu, tukaenda. Aliinama kwenye tuta la kwanza na wimbo ukaanza. Siku hiyo hakuuimba chinichini kama chumbani, aliuimba kwa sauti ya kufika barabarani. Wawili kati ya wale wanawake walipita wakielekea sokoni, na nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Si unaona mwenyewe?" Nao nimewakasirikia hadi leo, pamoja na mwenyekiti wao, ingawa mama aliendelea kukaa nao benchi moja kanisani na kuwapa mkono wa amani.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipomuuliza kuhusu ule wimbo. Alinijibu huku akichambua maharage, kama anayeeleza mapishi.

"Maumivu hayakuwa yanaondoka, mwanangu. Ila ukiniambia nivumilie siku nzima, nakata tamaa. Nikijiambia nivumilie mpaka ubeti huu uishe, hapo naweza. Ukiisha, naanza mwingine. Yakizidi, napaza sauti."

Nilitoka nje nikasimama uani, nikiwa na hasira na daktari, na wale wanawake, na zaidi ya wote na mtoto mmoja wa miaka minane.

Kwa sababu siku ile shambani nilikuwa na furaha kupita kiasi. Niliamini mama amepona. Kila alipoimba ubeti, niliitikia kwa nguvu zangu zote. Beti zilipokwisha, akajishikiza kwenye mpini wa jembe, jasho likimtiririka, nami nikamwambia aanze tena, na safari hii aimbe kwa sauti zaidi. Akaanza tena.