Maziwa Niliyoyakataa

Mdogo wangu alifariki wiki moja baada ya kujifungua, nikarudi Chilangala na mtoto wake mikononi. Kitinda mimba wangu alikuwa tayari darasa la tatu. Kifuani sikuwa na kitu.

Jirani yangu alikuwa ananyonyesha. Tulipomaliza matanga tu akaja. "Dada, nipe nimnyonyeshe. Yangu yanatosha wawili."

Nilimshukuru kwa mdomo tu. Mumewe alikuwa amerudi majuzi kutoka kwenye korosho, na kwetu husemwa kwamba mwenye kunyonyesha, au hata kulea mtoto mchanga, akilala na mume, mtoto anabemendwa: anakonda, miguu inalegea. Nikaona ataniulia mtoto wa marehemu. Mimi huyo, binti wa katekista, niliyejiona nimesoma kuliko kijiji kizima!

Kopo la kwanza la maziwa tulilipata Newala. La pili likakosekana. Duka la dawa wakasema labda Masasi. Masasi wakasema labda wiki ijayo. Nikaanza kubania lililobaki. Badala ya vijiko vitatu, viwili. Kisha kimoja. Maji niliyachemsha vizuri sana, hapo sina lawama, ila yalikuwa maji.

Mtoto akawa halii. Wageni wakasifu upole wake, nami nikazipokea sifa. Baadaye ngozi ya mapaja ikaanza kuning'inia, na mawifi wakawa wananitazama mimi na mume wangu.

"Huyu kabemendwa," wifi mkubwa akasema mbele yangu.

Nikamwacha aamini hivyo. Aibu ile ilikuwa nafuu kuliko kusema ukweli.

Zahanati, muuguzi alimtoa kwenye mzani akaniuliza nachanganya vijiko vingapi.

"Vitatu."

Akaifinya ngozi ya tumbo la mtoto, ikabaki imesimama. Akaniuliza tena, taratibu. Nikalia, nikamwambia. Akaniambia maziwa ya mama hayaharibiki kwa sababu mume amerudi nyumbani, na kwamba mtoto anakwenda hospitali leo hii. "Yupo jirani anayenyonyesha?"

Nilifika mlangoni kwa jirani sijui pa kuanzia.

"Shikamoo, dada," akasema, kama vile sijawahi kumkataa.

Nikamweleza yote, hata lile la mumewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamfunga mwanawe mgongoni, tukaondoka. Hospitali walimpima jirani damu kwanza, ndipo wakamruhusu kumnyonyesha. Siku za mwanzo mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya, basi jirani akawa anakamua kwenye kikombe, nami namnywesha kidogo kidogo.

Siku hizi mtoto yule anakimbia. Akianguka, hupita mbele yangu, akavuka ua mpaka kwa jirani, akiita, "Mama!" Mimi ananiita mama mkubwa, kama inavyopaswa. Inaniuma kila mara, na sijathubutu kumrekebisha.