Matone ya Ganzi

Caritas alikuwa fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, Mrundi aliyefika huko na binti yake mmoja tu, Annick. Mwaka 2013, mtoto akiwa na miaka sita, mwiba wa mti wa mathenge ulimchoma jichoni walipokuwa wakiokota kuni. Walipelekwa kwenye kliniki ya macho mjini Lodwar. Annick akalazwa usingizi kwa dawa, mwiba ukatolewa, jicho likashonwa.

Usingizi ulipoisha, mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi muuguzi, Jepkoech, alipotaka kulikagua jicho alimdondoshea tone moja. Annick akanyamaza pale pale, akaomba chai. Caritas alisihi apewe dawa ile aende nayo. Jepkoech alikataa. Akamweleza kuwa hiyo ni ganzi, hutumiwa tu wakati jicho linaguswa, na ikirudiwarudiwa kidonda hakifungi. Akampa chupa ndogo ya dawa ya maji ya kunywa, ya kutuliza maumivu.

Siku ya kuondoka, Caritas aliiona chupa ya ile ganzi kwenye sinia. Akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Kambini alijizuia. Lakini dawa ya maji iliisha, na Annick akawa anajikunja mkekani na kugonga kichwa ukutani. Jirani yao Adolphe alimshauri arudi Lodwar, lakini mvua ilikuwa imejaza laga, mito ile ya msimu inayokatiza barabara, na magari yamekwama barabarani. Caritas akafungua pindo.

Tone la kwanza lilimpa mtoto usingizi mzuri. Alipoamka, maumivu yalikuwa makali kuliko mwanzo, akamtia jingine. Baadaye nguvu ya tone haikudumu hata muda wa kuchemsha uji. Annick akazoea kuinua uso mwenyewe na kungoja. Kisha Caritas akaona katikati ya jicho pameanza kuwa peupe.

Maji yalipopungua walipanda gari la kwanza. Jepkoech alilitazama jicho kwa muda mrefu.

"Mama Annick, ulimtia nini?"

Caritas akaiweka chupa ya ganzi mezani. "Alikuwa analia, Sista. Ningefanya nini?"

Jepkoech akavuta kiti, akaketi. "Dawa niliyokupa ilikuwa kidogo mno," alisema. "Sikufikiria kwamba njia ingefungwa."

Daktari aliagiza dawa ya maumivu yenye nguvu zaidi, apewe mtoto kwa saa zake, kabla hajaanza kulia. Annick akatulia, akala. Hilo ndilo lililomvunja Caritas kabisa. Kumbe dawa ya kumtuliza bila kumdhuru ilikuwepo. Alitoka nje, akajiziba mdomo kwa kitenge, akalia.

Kidonda kilifunga, kovu likabaki. Jicho lile likawa linaona mwanga tu.

Wakati wa kurudi Kakuma Annick alikaa dirishani. Muda si muda akamwomba mama yake wabadilishane nafasi, maana upande ule haoni kitu. Caritas akamnyanyua, wakabadilishana.