Kijiji kizima kilimwagilia na pampu yangu siku ya ramani, sasa mimi ndiye sina maji

Wakuu, hamjambo huko mliko. Niko Soy, nje kidogo ya Eldoret, na hii sijaitia chumvi hata kidogo.

Kiangazi hiki alikuja madam mmoja na tablet. Kazi yake ni kuchora ramani ya mashamba yanayomwagiliwa kando ya mto wetu, na nani anavuta maji kiasi gani.

Sasa nani alieneza ati ukionekana unamwagilia utapewa mipira ya maji ya bure? Hadi leo hakuna anayekubali.

Shida ni kwamba kijiji kizima kina pampu moja. Yangu. Mimi nina kabichi, ndizo zinanilisha. Wengine walikuwa na mabua ya mahindi.

Asubuhi ya siku ya ramani jirani yangu Mzee Kiprop akanijia. "Kijana, nipatie hiyo pampu kidogo tu, madam akipita narudisha." Utamnyima mzee aje?

Basi madam akiingia boma, anapewa chai. Na huku kwetu mgeni haachiliwi na kikombe kimoja. Akiwa bado anapuliza cha pili, pampu iko juu ya boda, inakimbizwa boma linalofuata. Akifika huko, maji yanaruka! Watu wanamwagilia mabua makavu, uso wamekaza kabisa.

Boma langu lilikuwa la mwisho. Pampu nayo imekwama kwa Mama Chebet, amekataa kuizima, ati madam aione tena akirudi.

"Wewe unamwagilia na nini?" madam akaniuliza, tumesimama katikati ya kabichi.

Ningesema nini? Niwachome majirani wote kwake? Nikamjibu, "Madam, mimi nangoja tu mvua."

Akaangalia kabichi, akaangalia jua. "Mungu ni mwema," akasema, akabonyeza tablet.

Juzi tukaitwa kwa chifu. Mto umepungua, maji sasa ni kwa zamu, na zamu ni ya wale ramani inaonyesha wanamwagilia. Mzee Kiprop amepewa Jumanne. Mama Chebet, Alhamisi. Mimi nimeandikwa shamba la mvua, sina siku.

Kabichi zimeanza kunyauka wakuu, na inaniuma vibaya sana.

Funzo langu: mtu wa ramani akikuja, pampu ikae kwako. Ujirani mtauendeleza akishaenda.

Leo ni Jumanne. Mzee Kiprop yuko hapa sebuleni anakunywa chai yangu, anaomba pampu akamwagilie mabua, ati asinyang'anywe zamu.

Mngekuwa nyinyi mngempa? Semeni haraka, kikombe cha pili kinaisha.