Mjukuu wangu alinililia kwa simu, mimi nikaambia wazee anakula kuku

Admin, ficha jina langu lakini soko usifiche. Hapa Kyuso wazee waongo tuko wengi, hakuna mtu atajua ni nani. Mimi shule sikuenda, hii naongea tu kwa simu na wewe unaandika, kwa hivyo ukikosea si mimi.

Niko na miaka sabini na tatu. Kitambulisho inasema sabini na moja, lakini kati yangu na kitambulisho nani alizaliwa kwanza? Nimechunga ng'ombe, nimechimba visima, na kuna siku nilifukuza chui na kiatu moja, kwa sababu ile ingine ilibaki huko nyuma nikikimbia. Siku ya soko ukisikia watu wanacheka kwa hoteli ya chai, jua niko ndani. Nasema hivyo ndio mjue hii mdomo yangu imezoea kazi. Na ndio imeniletea aibu.

Kijana yangu alipata mtoto msichana, akapewa jina ya mama yangu, vile sisi Wakamba hufanya. Kwa hivyo tangu akiwa mchanga mimi namuita mwaitu, yaani mama. Na yeye akajua kuniita mwana wakwa, mtoto wangu. Akiwa na miaka minne alikuwa anasimama kwa mlango ananiambia, "Mwana wakwa, nawa miguu ndio uingie." Na mimi, mzee mzima, nanawa.

Huyo mtoto amepata skolashipu, akaenda Poland kusomea mambo ya maabara. Kabla aondoke nilimfungia ndengu ya shamba yangu kwa sanduku, halafu nikamfundisha Ulaya. "Mwaitu, ukifika huko salimia kila mtu, na mkono. Usipowasalimia watajuaje umekuja?" Namfundisha mimi, na mbali nimefika ni Mtito Andei.

Alikuwa amemaliza siku tano huko wakati alinipigia. Ilikuwa siku ya soko, mchana, tuko kwa chai. Kulikuwa na mzee tunamuita Qatar, kwa sababu kijana yake anafanya kazi huko na yeye hatupumzishi. Akaniambia, "Si ni yule wa Ulaya anapiga? Weka laudspika tusikie kama ameshaanza kuongea kwa pua." Watu wakacheka. Mimi nikaweka, kifua juu.

Mtoto akasema, "Umau."

Umau ni babu. Huyo mtoto hajawahi kuniita umau maisha yake yote. Hapo ningejua. Halafu ikatoka sauti ya kulia, ile ya kuvuta pumzi. Nikafinya laudspika ikazima, nikaweka simu kwa sikio.

Akaniambia hajala chakula moto siku tatu. Alipika ndengu yangu kwa jikoni ya wanafunzi wote, akaenda chumbani kidogo, ikaungua, kengele ya moto ikalia nyumba nzima. Watu wakatoka nje kwa baridi na nguo za kulala, wakimwangalia. Sasa anaogopa kuingia hiyo jikoni, anakula mkate na maji. Akasema alisalimia watu kwa ngazi vile nilimwambia, na mmoja akavuta mkono akamuuliza anataka nini. Akasema, "Umau, nirudi nyumbani?"

Na Qatar ananiangalia hivi, kikombe iko kwa mdomo lakini hanywi.

Nikasema kwa sauti ya soko, "Ati wamekupea nyumba ya vioo? Ati kuku hata asubuhi? Kula mwaitu, usiwaachie."

Wazee wakacheka, wengine wakapiga meza. Mtoto akasikia hiyo kicheko yote. Akauliza polepole, "Unaongea na nani?" Mimi nikacheka na wazee. Akasema, "Sawa, umau," akakata.

Mimi nikaendelea kuongea na simu imekatwa. Nikaongeza na gari.

Siku tatu zikapita, mama yake akanipigia. Mke wa kijana yangu ni mtu wa heshima, hajawahi kuniinulia sauti. Hata siku hiyo hakuinua, na ingekuwa afadhali angeinua. Alisema, "Baba, mtoto alikupigia wewe kwanza. Alijua mimi nikisikia analia nitamwambia arudi. Alisema wewe utamchekesha akae."

Sasa hiyo nimebeba mpaka leo. Watu wote wa hii nyumba, alichagua mimi, kwa ajili ya hii mdomo. Na ile siku moja mdomo ilikuwa na kazi ya maana, nikaipatia Qatar.

Hajarudi. Mama yake anasema ameanza kupika, msichana mwingine wa hapo alimuonyesha vile jikoni inawashwa. Mimi nikipiga anashika, ana adabu. "Niko salama, umau." "Niko darasani, umau." Nilijaribu kumwambia, "Mwaitu, mtoto wako hajanawa miguu." Akasema, "Haya, umau, usiku mwema." Na huku ilikuwa saa nane mchana, hata kwao bado ni mchana.

Pale sokoni bado wananiuliza ile nyumba ya vioo ina ghorofa ngapi. Na pasta amesikia, anataka Jumapili nisimame kanisani nishuhudie vile Mungu ameinua mtoto wetu. Nikisimama niseme ukweli, Qatar atanicheka mpaka kaburini. Hiyo nitavumilia. Lakini nimeshindwa na ile ya mtoto. Watu najua kuwachekesha, kuomba msamaha sijawahi jifunza, na sasa hata nikisema neno ya ukweli inatoka kama mzaha.

Nyinyi mnaosoma hapa, wengi mko na watoto mbali, na wengine ndio hao watoto. Niambieni, nikimpigia nianze na neno gani, ndio aniite tena mwana wakwa?